Sikio la Kushoto la Farasi wa Mama Masatu

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na tatu. Najua neno hilo linawachekesha, na mama yangu mwenyewe hulitamka kama anayetema mbegu ya chungwa. Lakini daktari amesikiliza kifua changu mara tatu, akasema vumbi la mbao na thina vimekizeesha kuliko mimi, kwa hiyo ama niiache kazi hii au yenyewe iniache. Nimeamua kutangulia. Bwire na Nyangeta, nyinyi mnaoingia, mmeniomba niwaandikie miaka hii tisa ilivyokwenda. Vyeo havikuwepo, na mshahara mtaujua wenyewe. Naandika yaliyobaki.

Nilikuja Musoma na digrii ya akiolojia, nikidhani nitachimba. Siku ya kwanza nilipofungua mlango wa karakana nilikuta rafu nzima ya farasi wekundu wa mbao wakinitazama, na harufu ya dagaa wa soko la Mwigobero ikiingia dirishani kama mtu mwenye funguo zake. Mama Ingrid, muuguzi mstaafu kutoka Uswidi aliyeanzisha karakana hii, alikuwa anafungasha kurudi kwao. Alinipa maelezo akiwa amesimama. Farasi hawa huchongwa kwa kisu katika mkoa mmoja wa kwao unaoitwa Dalarna, kutoka mti wa paini, kisha hupakwa rangi na kuchorwa maua kwa mkono. Waswidi waliokuja mkoa wa Mara zamani kufundisha, kuchimba visima na kuzalisha akina mama walipenda kuacha farasi hawa kama zawadi ya kuagana. Ndiyo maana kutoka Musoma hadi Bunda hadi Butiama utakuta nyumba yenye farasi mwekundu juu ya kabati, kando ya redio, wakati mwenye nyumba hajawahi kuona farasi hai. Watoto huwaita punda wa Wazungu. Mfugaji mmoja wa Bunda aliniuliza pembe zilikatwa lini.

Kazi yetu, alisema Mama Ingrid, ni kununua farasi ambao wenye nao wanataka kuwauza, na kutengeneza wale ambao wenye nao hawataki kuwauza.

Nilimuuliza kwa nini. Kwa nini watu wa Mara wahangaike na farasi wa watu wengine?

"Kwa sababu wanaendelea kuwaleta," alisema.

Niliona jibu hilo ni dhaifu. Nilikuwa nimetoka chuo, na kila jibu nililiona dhaifu.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Majura, fundi seremala wa Buhare aliyezeekea kwenye mitumbwi. Alikuwa na kisu kimoja kilichonolewa mpaka kikabaki nusu, na swali moja. Kisu aliniachia, mtakikuta kwenye droo ya juu. Swali nililipata siku ile ile ya kwanza, aliponikuta napangusa farasi kwa kitambaa kibichi.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, mzee. Nimeona vumbi."

"Vumbi lilikuwa linalalamika?"

Maji yalikuwa yameshaingia kwenye ufa wa tumbo. Kufikia jioni rangi ilikuwa imeinuka kama ngozi ya kidonda. Nilijitetea kwa kumuuliza yeye farasi anawajulia wapi, maana hajawahi kumwona hata mmoja.

"Na wewe umesomea watu wa kale," alisema. "Mmewahi kuonana?"

Tangu siku hiyo akaniita Digrii, na jina likashika.

Sasa yale ya mikono. Vumbi liondoeni kwa burashi laini iliyokauka, mkianzia mgongoni kushuka. Msitumie mafuta ya taa, hata kama bibi mwenye farasi ameapa kwamba ndiyo anayoyatumia siku zote, kwa sababu yanang'arisha leo na kula vanishi kesho. Wafungeni kwa kanga kuukuu iliyofuliwa mpaka ikalainika. Mwaka wangu wa pili niliona nina akili, nikawafunga farasi sita kwa pamba mbichi niliyopewa na mkulima wa Bunda. Joto lilipopanda, pamba na vipande vyake vya majani viliganda kwenye vanishi. Ilinichukua mwezi mzima kuwanyoa. Mzee Majura aliwaita kondoo mpaka walipotoka karakanani.

Farasi aliyekaa nyumba ya dagaa hana haja ya dawa. Mfungieni kwenye sanduku na makaa makavu wiki moja, harufu itahamia kwenye makaa. Ikibaki kidogo, iacheni. Na yeye ameishi hapa.

Adui mkubwa ni bungua. Mkiona unga mwembamba kama wa muhogo chini ya tumbo la farasi, mdudu yumo ndani anakula. Sumu za dukani zinaua mdudu na rangi pamoja, na kifua cha fundi baadaye. Nilisoma mahali kwamba baridi kali inatosha, na baridi kali pekee niliyoijua ilikuwa friza ya Mama Neema, muuza sangara wa Mwigobero.

"Mfuko una nini?" aliniuliza.

"Farasi."

"Farasi." Aliweka kisu chini. "Dada, hapa tunauzaga sangara. Mteja akifunua akute miguu minne, nitamwambia samaki gani huyo?"

"Ni wa mbao, mama. Ana wadudu ndani, baridi itawaua."

"Yaani una wadudu, halafu unaniletea mimi kwenye samaki?"

Nilimwonyesha mifuko miwili iliyozibwa kwa utepe wa gundi, hewa imekamuliwa. Alikubali kwa sharti kwamba farasi alale chini kabisa, kichwa kimegeukia ukutani, asiangalie wateja. Mpaka leo tunamtegemea yeye. Wiki mbili, na umeme ukikatika siku nzima mnaanza upya. Mkimtoa farasi, msifungue mfuko mpaka kesho yake, ili umande ushike plastiki na si mbao. Na mkimwona Mama Neema salimieni kwanza, farasi baadaye.

Mtaulizwa sana juu ya farasi halisi na bandia. Halisi ana makato ya kisu yanayoonekana chini ya rangi ukimgeuza kwenye mwanga, hata kama ni kidogo, na maua yake yamechorwa kwa burashi iliyochovya rangi mbili kwa wakati mmoja, hivyo kila jani lina upande wa giza na upande wa nuru. Waliochongwa na mafundi wa hapa huwa laini mwili mzima kwa msasa, na majani yao ni ya rangi moja. Nilikuwa mkali sana juu ya hilo miaka ya mwanzo. Baadaye nilijiuliza, bandia wa nini? Kachongwa na mtu, kwa mkono, na mtoto kalala naye. Sasa kwenye daftari naandika alikochongwa, basi.

Kununua ndiko kulikonichosha kuliko yote. Nilikwenda Butiama mwaka wa tatu, nikanunua farasi mzuri kwa baba mmoja aliyenihakikishia ni wake, nikapewa na chai. Kesho yake asubuhi mkewe alikuwa mlangoni kwetu Musoma kabla sijafungua.

"Wewe ndiye uliyenunua farasi wangu kwa mwanaume asiyejua hata anakaa wapi?"

"Mama, alisema ni wake."

"Alikuambia anakaa wapi?"

"Juu ya kabati."

"Kabati limevunjika mwaka juzi!" Aligeuka kumtazama Mzee Majura kama shahidi. "Baba, kabati ni kuni tulishapikia. Huyu anakaaga chumbani kwangu, namfuta kila Jumamosi kabla ya kanisa."

Alirudi na farasi wake kwapani. Tangu hapo nikawa na kanuni: mwenye farasi ni yule anayempangusa. Kabla ya kuuliza bei, uliza nani anampangusa, kisha zungumza na huyo. Niliiona kanuni hiyo kuwa ndiyo elimu yote. Ilikuwa nusu tu, na nusu ya pili ilinipata mwaka wa sita.

Mama Masatu alikuja wakati wa mvua, kutoka kijiji kimoja kwenye barabara ya Bunda kwenda Kisorya, ambako watu wanalima pamba na kufuga ng'ombe. Alikuwa na umri wa bibi yangu, na farasi alikuwa kwenye kanga mapajani mwake kama kitu kinachoweza kuamka. Nilimfunua. Alikuwa mzee kuliko wote niliowahi kuwashika, urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, na mweusi kama chungu. Mguu wa nyuma wa kulia ulikuwa umevunjika. Wajukuu walimwangusha.

"Nani anampangusa, mama?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Nikufanyie nini?"

"Mguu. Mguu tu, mwanangu. Asimame. Nitarudi baada ya wiki mbili."

Niliandika mguu kwenye fomu. Chini yake wakati ule kulikuwa na mstari wa uharibifu mwingine. Nikajaza: uchafu mzito wa mafuta mwili mzima, matundu ya panya shingoni na kwenye sikio la kushoto. Mama Masatu alikuwa amekaa mbele yangu, kalamu ikitembea. Sikumsomea nilichoandika. Alinishukuru, akaenda.

Mguu ulichukua siku mbili: gundi ya mbao, kisha kufunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu mpaka ukauke. Ingetosha. Mzee Majura alikuwa kwao Buhare kwenye msiba, sikuwa na wa kuniuliza chochote. Nikajaribu pamba kidogo yenye dawa pale kwenye bega, nione tu chini ya weusi kuna nini. Chini ya weusi kulikuwa na nyekundu ya ajabu, na jani moja la bluu lenye upande wa giza na upande wa nuru.

Niseme ukweli, nilikuwa na njaa. Miaka sita ya gundi na burashi kavu, ya watu wanaoleta miguu iliyovunjika na mikia iliyong'oka, na huyu hapa, labda mkongwe kuliko wote mkoani, amelala chini ya masizi akinisubiri mimi niliyesoma. Sikulala vizuri kwa furaha. Siku nane nilimsafisha. Matundu ya shingoni niliyajaza puti ya kuzibia mbao. Sikio la kushoto lilikuwa limeliwa ukingoni, halikuwa sawa na la kulia, nikalipiga msasa likanyooka, nikaziba kilichobaki. Nilichanganya nyekundu mara tatu mpaka ikalingana na ya zamani. Hata leo nasema haikuwa kazi mbaya, ilikuwa kazi bora niliyowahi kuifanya. Ndicho kinachonichosha nikiikumbuka.

Mzee Majura aliporudi alimtazama muda mrefu bila kumgusa.

"Nani kakutuma?"

"Mzee, tazama kazi kwanza, uniulize baadaye."

"Kazi nimeiona," alisema. "Nimeuliza."

Siku Mama Masatu aliporudi nilikuwa nimemweka farasi mezani chini ya kitambaa cheupe, na nilikifunua kwa mkono mmoja, kama mpiga mazingaombwe wa shuleni. Naona aibu kuliandika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alimtazama farasi, kisha akatazama rafu nyuma yangu, akitafuta. "Huyu wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Hapana. Wangu mweusi." Alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake kliniki. "Angalia vizuri, mama yangu, utakuwa umechanganya."

"Ndiye huyu. Nimemsafisha."

Alimpindua, akauona mguu, akaona alama ya pale ulipovunjikia. Cheko likakatika. Akapitisha kidole gumba shingoni. Kisha akashika sikio la kushoto, akalisugua, akalisugua tena, kama mtu anayetafuta mwiba aliojua uko hapo.

"Meno yako wapi?"

"Meno gani, mama?"

"Ya watoto wangu."

Mzee Majura alimsogezea kiti. Alikaa, farasi mapajani, akatueleza bila kupandisha sauti. Masatu, kifungua mimba wake, alizaliwa zahanati mikononi mwa mkunga wa Kiswidi, na mkunga huyo alipoondoka alimwachia farasi. Fizi za Masatu zilipoanza kuwasha, mama mkwe alimpaka farasi samli akampa mtoto aume.

"Sisi kitu cha mti tunakipakaga samli," alisema. "Kibuyu, kigoda, mpini wa jembe. Kisipopakwa kinapasuka. Na mtoto anapenda. Basi wakauma hapo wote watano. Shingoni hapa ni Masatu na wenzake watatu. Na sikioni ni Nyamisi, wa mwisho. Aliuma kwa meno mawili ya chini. Ya juu hayakuwahi kuota."

Mimi nimezoea kudai ushahidi. Ndivyo nilivyofundishwa, na hata kabla ya kufundishwa ndivyo nilivyokuwa. Nikamuuliza, "Mama, una uhakika gani kwamba siyo panya?"

Mzee Majura alifumba macho. Mama Masatu hakukasirika, na ningependa angekasirika.

"Mwanangu, panya ana meno juu na chini. Na panya akionja samli haumi mara moja akaenda zake. Anakula sikio lote." Alinitazama. "Hatukuwa na picha ya Nyamisi. Kaburi tulichimba shamba la chini, karibu na ziwa. Ziwa lilipopanda likachukua shamba. Mimi nilikuwa nabonyezaga hapa. Asubuhi. Unayarudisha au huyarudishi?"

Nilimwambia sijui. Kwenye shingo inawezekana, kwa sababu puti imekaa ndani ya shimo. Sikio nililipiga msasa.

"Dada yangu yuko hapa Buhare," alisema akisimama. "Nitakaa kwake siku tatu. Sirudi bila yeye."

Alimweka farasi mezani akatoka. Sikuuliza kama "yeye" alikuwa farasi au mtoto. Mimi, ninayeuliza kila kitu.

Nilikimbilia thina. Mzee Majura alinishika mkono. "Hiyo itaingia kwenye mti ilainishe na kile kilichobaki. Kikavu kwa kikavu." Alitoa sindano yake ya kushonea nyavu, akainoa ncha, akaanza kuchokoa puti ya shingoni chembe kwa chembe, na mimi nikimulika. Siku ya kwanza mchana puti ya shimo la kwanza ilitoka nzima kama ganda la karanga, na chini yake tukaona weusi unaong'aa. Nilikuwa nimesafisha ngozi ya farasi tu, mashimoni sikufika, na samli ya miaka yote ilikuwa imebaki humo. Puti haikushika kwenye mafuta.

"Uchafu wako ndio umetuokoa, Digrii," alisema. Hakutabasamu.

Kufikia jioni ya siku ya pili shingo ilikuwa imerudi. Nilihesabu mashimo kwa kidole, meno ya watu ambao sasa wana vitambi na wanalima pamba. Siku ya tatu ilikuwa ya sikio.

Kitu kimoja tu nilichojifunza chuoni kilinisaidia siku hiyo. Ukitaka kuona alama iliyofutika, usimulike kutoka juu. Weka taa chini kabisa, pembeni, mwanga upite juu ya kitu kama jua la saa kumi na mbili, na kila bonde litatoa kivuli. Nililaza tochi ya simu mezani. Ukingoni mwa sikio, upande wa chini, kikatokea kivuli kidogo kama punje ya ulezi. Mzee Majura aliingiza sindano, puti ikatoka, jino likaonekana. Moja.

Tulitafuta la pili mpaka mchana. Lilikuwa pale nilipokata ukingo ili masikio yalingane. Lilikuwa limekwenda na vumbi, na vumbi nilikuwa nimelifagia mwenyewe.

Mzee alitoka kunawa. Sindano ilikuwa mkononi mwangu, na sikio lilikuwa mbele yangu. Nilijua kina cha lile la kwanza, upana wake, na umbali kati ya meno mawili ya mtoto wa miezi minane, kwa sababu shingoni nilikuwa na mifano. Ingenichukua dakika tano, na samli kidogo juu yake. Bibi wa umri ule, kwa kidole gumba, asingetofautisha. Je, si angefurahi? Na furaha yake ingekuwa ya uongo kwa nani? Naandika hili ili mjue kwamba nilifikiri, na kwamba nilifikiri kwa muda mrefu.

Mzee Majura alikuwa mlangoni anajifuta mikono.

"Ukimchongea," alisema, "atakuwa anakubonyeza wewe."

Nikaweka sindano chini.

Mama Masatu alikuja saa tisa na mkoba wake, tayari kwa safari. Safari hii sikufunika kitu. Nilimpa farasi mkononi, nikamweleza nikiwa nimesimama.

"Shingo imerudi yote, mama. Sikioni limebaki moja. La pili nililisaga mimi. Siyo panya, wala uzee wa mti. Ni mimi na msasa, na hukuniomba."

Alipitisha gumba shingoni kwanza, polepole, midomo ikitembea. Nadhani alikuwa anawataja. Kisha sikio. Lilipofika mahali pake gumba likasimama. Nje mtu wa mtumbwi alikuwa anavuta kamba ya injini isiyotaka kuwaka, akavuta, akavuta tena, na hakuna hata mmoja wetu aliyesogea.

"Moja," alisema.

"Ndiyo, mama."

Alibonyeza tena.

"Haya. Hata yeye alianza na moja."

Alifungua mkoba akatoa kichupa cha samli, akamimina kiganjani, akaanza kumpaka farasi mwili mzima, juu ya nyekundu yangu niliyoichanganya mara tatu, juu ya majani yenye nuru na giza. Rangi ikafifia mbele ya macho yangu.

"Atarudi kuwa mweusi?" niliuliza.

"Atarudi. Na moshi wa jikoni."

"Itachukua miaka mingapi?"

"Huyu mtoto maswali yake hayaishagi?" alimuuliza Mzee Majura.

"Tumeshazoea, mama," alisema mzee.

Alimfunga kwenye kanga, akaondoka. Mimi nilikaa chini nikakohoa mpaka giza likaanza kuingia, na nadhani ndiyo siku ya kwanza niliyokisikia kifua changu.

Nilibaki karakanani miaka mitatu zaidi, lakini hakuna cha kuandika sana. Mzee Majura haji tena, macho yamemwishia, na nikienda kwake Buhare ananiuliza bado nani kanituma. Fomu niliibadilisha kesho yake. Mstari wa uharibifu mwingine haupo. Mtakuta umeandikwa: alama, na aliyeziacha. Jazeni mwenye farasi akiwa mbele yenu, kisha msomeeni kwa sauti kila neno mliloandika, hata kama ana haraka, hata kama mna njaa. Wengi watawacheka. Wachache watawasimamisha katikati ya sentensi, na hao ndio mnaowasomea.

Kwa nini tunatunza farasi wa watu wengine, bado sina jibu langu mwenyewe. Wanaendelea kuwaleta.

Juzi Mama Masatu ametuma salamu kwa simu ya mjukuu wake. Mguu umelegea, kitukuu anaota meno na anamburuta farasi nyumba nzima. Watamleta mvua ikipungua, na mimi sitakuwepo. Mtamjua, atakuwa ameanza kuwa mweusi. Mguu ni gundi na mpira wa tyubu, siku mbili. Mkikuta alama mpya mahali popote, ulizeni jina mwandike. Sikio la kushoto msiliguse.